Shikamoo kwa Redio

Mama mkwe wangu alikataa katakata kulala nyumba moja na mkwewe. Nikamuuliza mke wangu, hata Amerika? Hata mbinguni, akajibu. Basi tukampangia chumba ghorofa ya chini, jengo letu lilelile la mtaa wa Adelphi, kwa mama mmoja wa Kikongo aliyetoka kila alfajiri kwenda kutunza wazee. Mke wangu naye alitoka alfajiri. Nikabaki mimi, mwanafunzi wa jioni, na mama mkwe ambaye sukari ilikuwa ikimshuka ghafla asubuhi, akalegea asiweze hata kuita.

Simu ilikuwepo, ila hakuigusa. Alisema akiinua atakutana na Kiingereza.

Nikaamua kumtengenezea kengele. Nilichukua vichipu viwili vya kompyuta, kila kimoja nikakiunganisha na kiredio chake, nikaviandikia programu: akibonyeza kitufe chini, kifaa changu huku juu kilie. Kilinitoa jasho kwelikweli. Redio ilinasa kila takataka ya hewani, rimoti za milango ya gereji na sijui nini tena, ikabidi nikifundishe kifaa kupiga hodi kwanza ndipo kitoe ujumbe. Kilipokubali, nilicheza peke yangu jikoni kama mwehu.

Hakubonyeza hata mara moja. Asubuhi moja nilimkuta anatetemeka, chai imemwagika, kitufe kiko palepale mezani. Nilikasirika, jamani! Nikamtuma mke wangu akaulize kulikoni. Akarudi na jibu: "Anasema, nimpigie mkwe wangu kengele kama boi?"

Nilinuna. Halafu nikamkumbuka mama huyu kwenye basi la kwenda Langley Park, alivyowaitikia hata watu waliomsalimia abiria mwingine. Nikaifuta programu yote, nikaigeuza. Sasa kifaa changu ndicho kinachoanza: nikibonyeza mimi, kwake taa inawaka, akibonyeza yeye, inawaka yangu. Nikamwomba mke wangu amweleze kuwa taa ile ni mimi, namwamkia.

Weee! Aliitika kabla sijaondoa kidole. Kila asubuhi. Ana kwa ana tulikuwa tunatazama sakafu, lakini kwa kile kijitaa nilimpenda mama yule, nasema kweli.

Kisha ikaja asubuhi ya baridi, nikabonyeza, kimya. Nikarudia, kimya. Nikadhani betri, nikadhani waya wa antena umechomoka, bisibisi tayari mkononi. Ndipo nikashtuka: mama huyu haachi salamu ikapita. Nilishuka ngazi pekupeku na ufunguo wa akiba wa chumba chake.

Alikuwa sakafuni kando ya kitanda, macho nusu wazi. Nikapiga magoti, nikamshika kichwa mama mkwe wangu, jambo ambalo kwao halifanywi, nikamnywesha maji ya sukari kidogo kidogo. Nilikuwa nalia. Akameza. Akameza tena. Baadaye mkono wake ukaanza kupapasa sakafu, ukakipata kitufe kilichokuwa kimeanguka naye, ukakibonyeza.

"Marahaba, baba," alisema.