Msalimie Frida na Watoto

Mwanamke niliyeandikiana naye barua kwa miaka miwili alisimama mbele yangu, akaniuliza kama namfahamu Oswald.

Nikamwambia Oswald amehama.

Oswald ni mimi.

Wakuu, habari hii nimekaa nayo zaidi ya miaka thelathini. Leo naitoa. Wa kunitukana anitukane tu, nilishajitukana kabla yake.

Miaka ile hapa Kigoma mjini kulikuwa na nyumba tuliyoiita Nyumba ya Urafiki. Ilikuwa ya nchi mbili, sisi na Warundi. Palikuwa na maktaba, darasa la Kifaransa, darasa la Kiswahili, na kila Jumamosi ngoma au sinema. Wenzetu nao walikuwa na yao kule.

Mimi nilikuwa mhudumu. Nafagia, nadeki, napanga viti, naandika wageni kwenye daftari.

Nilipanga chumba kimoja Buzebazeba. Wazazi walishatangulia, ndugu sina, mke sina. Nikitoka kazini, wa kwanza kunisemesha alikuwa redio.

Ikaja siku Nyumba ikaanzisha mpango wa Familia Rafiki. Familia ya huku inaandikiana na familia ya kule, barua zinavuka ziwa na meli. Fomu ilitaka jina la baba, la mama, la watoto, umri wao, na mnaishi nyumba ya namna gani. Fomu zote zilipita mikononi mwangu, na moja ikabaki tupu.

Mtu wa peke yake hakuwa na pa kujaza kwenye fomu ile.

Nikapiga kamba. Mke, Frida. Watoto, Feliksi miaka saba na Melania miaka minne. Nyumba ya vyumba vinne, Kasingirima, yenye kibaraza. Kazi nikajipa unaibu mkurugenzi, maana ukishaamua kudanganya, kujibana kwa nini?

Baada ya mwezi likaja jibu kutoka Rumonge. Skolastika, mwalimu wa shule ya msingi. Mumewe Elikana, seremala. Wana binti mmoja, Verediana. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu.

Hapo nikanogewa. Nilimwandikia Feliksi kavunja glasi, Melania kaugua matubwitubwi, Frida kanuna kwa sababu nimechelewa kurudi. Skolastika anajibu, mfunge mtoto kitambaa cha vuguvugu, na huyo Frida mbembeleze. Nilikuwa nazisoma barua zile kitandani huku nacheka peke yangu. Msinicheke, lakini Frida nilianza kumpenda.

Mwaka wa pili akatuma kifurushi. Ndani mna sweta ya kijani ya kufuma, ya mtoto wa kike. Akaandika, "Nimefuma mbili, moja ya Verediana na moja ya Melania. Wavae kama mapacha."

Nikajibu kwamba imemkaa vizuri sana. Sweta nikaitia kwenye sanduku chini ya kitanda.

Na kila barua nilimalizia hivi: "Mkifika Kigoma msilale pengine. Kwetu ni kwenu."

Oktoba ya mwaka tisini na tatu mambo yakaharibika Burundi. Mitumbwi ikawa inashusha watu ufukweni Kibirizi kutwa, wengine na godoro kichwani, wengine mikono mitupu. Barua zikakatika. Nilikuwa nakwenda Kibirizi kuangalia nyuso. Hatukuwahi kutumiana picha, kwa hiyo hata sijui nilikuwa natafuta nini.

Asubuhi moja ya mvua nadeki ukumbini, akaingia mwanamke na mtoto. Wameloa chapachapa.

Mtoto kavaa sweta ya kijani.

"Amahoro, bwana," mwanamke akasema.

"Amahoro, mama. Karibu."

"Namtafuta Bwana Oswald. Ni rafiki yetu."

Nilikuwa nimeshika tambara la kudekia. Kaptula imechanika, miguuni nina ndala mbili zisizofanana. Huyo ndiye naibu mkurugenzi. Nikawaza nitampeleka wapi. Kwenye kitanda kimoja na jiko la mkaa mlangoni? Nitamwambia nini akiuliza Frida yuko wapi?

"Oswald amehama," nikasema. "Yeye na familia yake. Wako Dar es Salaam."

Akaniangalia. "Na Frida?"

"Wote."

Mtoto akamvuta kanga. "Mama, imbeho."

Sisi Waha neno hilo hatuhitaji kufasiriwa. Mtoto alikuwa anasikia baridi, na kwangu kuna sweta kavu kama hiyohiyo. Ningesema neno moja tu. Sikusema.

"Basi niandike," akasema, "ili akirudi ajue tulifika."

Nikakaa mezani nikafungua daftari la wageni. Nikaandika jina lake, la binti, na wanakotoka. Alikuwa ameinama anaufuata mkono wangu.

"Na baba wa mtoto?"

"Elikana alibaki."

"Alibaki wapi?"

Akamfunika mtoto kichwa kwa kanga. Nikaandika watu wawili.

Sehemu ya maoni mgeni alikuwa anajaza mwenyewe. Akaandika kidogo, akalifunga daftari, akanishukuru kwa kwao, "Urakoze." Wakatoka kwenye mvua kuelekea kwenye malori yaliyopeleka wakimbizi kambini. Nikaendelea kudeki.

Kesho yake Bi Kuruthumu, mama wa Ujiji aliyetunza maktaba yetu, akafungua daftari.

"We Oswald, Frida ni nani?"

Nikaweka ufagio chini.

"Mgeni wako wa jana kaandika hapa. 'Nashukuru kwa mapokezi. Msalimie Frida na watoto.'"

Alikuwa ameujua mwandiko wangu. Miaka miwili aliusoma, angekosaje kuujua?

Nikamweleza Bi Kuruthumu yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu," akasema. "Uongo wa fomu mimi naweza kuucheka. Lakini ukamwacha mtoto aende na mvua?"

Zilipita wiki tatu ndipo nikapata lifti ya kwenda kambini, upande wa Kasulu. Nilizunguka mahema tangu asubuhi. Nilimkuta anafundisha watoto kuandika kwa vijiti ardhini. Verediana alikuwa mstari wa mbele. Sweta yake ilikuwa imefumuka mikono yote miwili.

Nikamnyooshea Skolastika ile nyingine. Bado ilikuwa na harufu ya sanduku.

"Kwa hiyo Melania hakuivaa," akasema.

"Melania hayupo."

"Najua. Miaka miwili ya barua, na mtoto wako bado ana minne, hakutimiza mitano." Akatabasamu kidogo. "Elikana alicheka sana. Akasema huyu bwana hana mtu, usiache kumwandikia. Sweta yenyewe nilifuma tukiwa tumeshajua. Tulidhani utaona aibu useme kweli. Wewe ukaandika imemkaa vizuri."

"Sasa mbona ulikuja kutafuta nyumba ya vyumba vinne?"

"Nyumba niliuliza mimi?" akasema taratibu. "Nilimuuliza Oswald. Huku ng'ambo sikuwa na mtu mwingine, na wewe hukuwa na mtu. Nikajua tutabanana."

Nilishindwa kumwangalia usoni. Nikamwambia njoo basi, chumba kipo, mimi nitalala hata nje.

Akatikisa kichwa. "Siku ile ningeingia kwako mgeni. Sasa nimeandikwa mkimbizi. Kutoka hapa ni kwa kibali."

Akamvua mtoto sweta ya zamani, akamvalisha mpya. Ilikuwa imeshakuwa ndogo kwake, vifungo havikufika. Mtoto akasema ahsante.

Kibali nilikihangaikia miezi minne, ofisi hii mpaka ile, sikupata. Nilipokwenda mara ya pili niliambiwa wamehamishiwa kambi nyingine, na kule nako hawakuonekana kwenye orodha. Nyumba ya Urafiki ilikuja kufungwa. Watu walichukua viti na vitabu. Mimi nilichukua daftari.

Somo langu ni hili. Ukiwa na chumba kimoja, sema una chumba kimoja. Anayekutafuta wewe hajaja kuhesabu milango. Mimi niliona aibu ya umaskini wangu asubuhi moja tu, na nimeilipia kwa upweke maisha yote.

Skolastika, kama uko hai na hii imekufikia, salamu zako sikuzifikisha. Hapakuwa na wa kumfikishia. Bado nipo Buzebazeba, chumba kilekile, na kitanda nilishaongeza cha pili.