Ripoti Niliyoandika Juu ya Furaha

Mwanangu, iko siku moja ambayo kila nikiikumbuka nainamisha kichwa, hata nikiwa peke yangu. Nilikuwa mkemia kijana hapa Likasi, ndiyo kwanza nimefanywa rekta, yaani mkuu wa chuo kikuu, na kiti kile nilikipenda kuliko ilivyofaa. Barua za maabara nilikuwa sizisomi tena, niliziona ndogo.

Asubuhi hiyo asidi ilimmwagikia Furaha, mwanafunzi wa mwaka wa pili, mkononi na shingoni. Akakimbilia bomba. Bomba kavu! Papa Kalenga, mtunza maabara, alikuwa ameniandikia mara tatu juu ya bomba lile. Nami, kwa kuogopea kiti changu, nikaandika ripoti kwamba msichana hakuvaa koti la maabara. Baraza la chuo likamfukuza.

Papa Kalenga ndiye aliyenifundisha kazi ya maabara nikiwa sijui kitu. Aliingia ofisini bila kubisha, akaweka mezani koti jeupe lililotobolewa na asidi.

"Na hii koti, Rekta, ni ya nani?"

Nililigeuza koti, kidole changu kikapenya kwenye tundu la asidi.

"Minye nilimuvula Furaha na mikono yangu. Weye iko mukubwa sasa, lakini leo nasikia aibu juu yako."

Nilikwenda Kikula, mtaa wa kina Furaha, kwa miguu. Gari la chuo niliona aibu kulipanda. Mama yake Furaha, muuza samaki wakavu, alinisogezea kiti, akatoka. Binti alikuwa na bandeji shingoni.

"Prof," alisema polepole, "ni weye ulitufundishaka: andika chenye umeona."

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kesho yake nilisimama mbele ya baraza, nikasoma ripoti ya pili, yenye kosa langu na jina langu. Furaha alirudishwa darasani, bomba likatengenezwa. Kiti waliniachia, na hilo liliniuma kuliko kama wangeninyang'anya.

Siku ya kutoa diploma, Furaha alipokea yake kwa mkono wenye makovu. Hakunitazama. Alipita, akaenda kumkumbatia Papa Kalenga.

Basi nisikilize. Ukipewa ukubwa, soma barua za wadogo. Ukikosa, sema upesi, kabla mwingine hajabeba mzigo wako, maana msamaha huweza kuchelewa, na kovu halifutiki. Mungu akujalie ulimi usioogopa ukweli, na uzee wenye usingizi mtamu kuliko wangu.