Ubao wa Mninga Uliokwenda Kuchomwa

Mke wangu hakuuliza jangwa lenyewe liko wapi, wala nitakula nini huko. Alisimama mlangoni mwa karakana yangu, ambayo ni gereji ya nyuma ya nyumba tunayopanga Mayfair, hapa Johannesburg, akanyoosha kidole kwenye ubao niliokuwa napiga randa.

"Na huo nao unakwenda kuchomwa?"

"Nguzo ni za paini," nikasema. "Paa nalo ni paini."

"Sikuuliza nguzo, baba watoto. Nimeuliza mninga."

Nikaongeza kasi. Randa ina kelele nzuri ya kufunika swali.

Mambo yalianzia Randburg, mwaka 2017, kwenye jiko la mama mmoja wa Kizungu niliyekuwa namtengenezea makabati. Alikuwa mchoraji wa majengo, mtu wa makamo, nywele nusu za mvi na nusu za bluu. Kila mwaka, akaniambia, yeye na wenzake hufunga mizigo na kwenda jangwani, kule Karoo, mwendo wa siku mbili kwa gari kutoka Johannesburg. Maelfu ya watu hujenga mji wa mahema, husimamisha sanaa kubwa kubwa za mbao, hukaa wiki nzima bila duka wala simu, kisha huzichoma sanaa zao, huokota takataka zote na kurudi kazini. Hakuna kuuza wala kununua, kila mtu hugawa alichonacho. Kitu pekee kinachouzwa huko ni barafu.

"Mwaka huu nataka uje unijengee kitu, fundi," akasema. Neno fundi nilimfundisha mwenyewe, na alilitumia hata pasipohitajika. "Kitu cha kwenu. Na aliyejenga ndiye anayewasha moto siku ya mwisho."

Nilikuwa na karibu miaka ishirini katika mji huu, na haukuwahi kuniomba kitu cha kwetu. Uliniomba makabati, vitanda, na zaidi ya yote milango inayofunga vizuri. Kabla sijafikiri nikasikia mdomo wangu umeshasema: "Baraza."

Nilikuwa na maana ya baraza ya baba yangu, Tabora. Nguzo nne, paa dogo, na benchi moja refu la mninga lililong'aa kwa kukaliwa. Wazee walikaa pale baada ya alasiri, wakamkaribisha kila apitaye, na akishapita wakamsema. Nilipomaliza kidato cha nne niliwaaga nikiwa na begi moja, nikasema nakwenda Mbeya kutafuta kazi. Mbeya ikazaa Blantyre, Blantyre ikazaa Tete, na miguu haikutulia mpaka huku. Baba alipofariki nilikuwa nasubiri kibali, sikwenda kumzika. Ndugu zangu wakaiuza nyumba, na aliyeinunua akavunja baraza akajenga vyumba vya maduka. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nimeacha vyumba, majiko, redio na baiskeli mbili katika nchi nne bila kugeuka nyuma. Kanuni yangu ilikuwa kwamba kisichoingia kwenye begi si changu.

Ule ubao niliupata Fordsburg. Duka la vitambaa lilikuwa likihama, na ndani kulikuwa na rafu ndefu iliyopakwa rangi nyeupe tabaka juu ya tabaka. Niliikwangua kwa ufunguo, nikanusa. Huku wana jina lao la mti huo, lakini pua yangu haikuhitaji jina. Nilimpa mwenye duka rafu mpya ya paini, nikaondoka na mninga begani, nikijiambia kwamba baraza bila benchi la mninga ni kibanda cha kusubiria basi.

Mama wa Randburg alikuwa amesema wazi nitumie mbao za bei rahisi, kwa kuwa zitaungua. Na misumari inatosha. Mimi nikachonga viungo vya ulimi na tundu, nikavikaza kwa vigingi vya mti, bila msumari hata mmoja. Nilijiambia ni ili baraza ifunguke vipande kwa safari.

Jirani yetu wa uani, kinyozi kutoka Uvira, Kongo, aliyeniita yaya, yaani kaka, alikuwa akija kila jioni kukaa juu ya kreti la soda na kufuatilia maendeleo.

"Yaya, niambie tena. Bale batu banalala mu hema?"

"Ndiyo."

"Vumbi iko?"

"Tele."

"Choo ni ya shimo? Maji banabeba?"

"Nasikia hivyo."

"Na banalipa kuingia!" Akapiga makofi. "Mimi nilikaa kambi ya kwenu pale Kigoma miaka sita. Balikuwa banatupa hata mahindi na mafuta. Kumbe nilikuwa mu festivali, na hakuna mutu aliniambia!"

Nilicheka, lakini maneno yake niliyabeba safari nzima. Hata mimi nimewahi kulala kwenye vumbi, njia ya Tete, na wala sikuita hiyo sanaa.

Getini jangwani tulipokewa na mwanamume mwenye mabawa ya manyoya na kaptula ndogo kuliko adabu. Gari liliposimama, mkono wangu uliingia wenyewe mfukoni ukatoa kibali changu cha kuishi, kilichokunjwa ndani ya nailoni. Miaka ishirini imeufundisha mkono huo: penye geti na mtu anayekukaribia, toa karatasi. Bwana mabawa akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka kifuani, akanishukuru kwa zawadi.

Nilimpokonya kama kuku anavyopokonywa mkate. Mama wa Randburg alicheka mpaka akaegemeza paji la uso kwenye usukani.

"Karibu nyumbani," akasema yule bwana, bila kukasirika hata kidogo. Ndivyo wanavyomwambia kila mtu. Afrika Kusini nzima nimepita kwenye mageti mengi, na wa kwanza kuniambia vile alikuwa mtu wa mabawa.

Baraza tuliisimamisha asubuhi moja, ikielekea njia kuu ya vumbi. Mimi nilikuwa nimebeba kahawa, tangawizi na birika. Mteja wa kwanza, nikimwita mteja kwa mazoea, alikuwa mzee mrefu aliyevaa kofia. Kofia tu. Aliketi, akashusha pumzi, akapokea kikombe, akasema benchi ni laini sana. Alipoondoka nilirudia kuupiga msasa ubao wote, maana sikuwa nimeujengea watu wa namna hiyo, na tangu hapo nilitandika kanga aliyonipa mke wangu kwa kujifunika baridi.

Sitasema uongo kwamba yote yalinipendeza. Muziki ulipiga kama mashine ya kusaga. Vijana waliojipaka rangi walinieleza maana ya maisha bila mimi kuuliza. Msichana mmoja aliniuliza kama watu wa kwetu nao huishi hivi, bila vitu, nikamwambia ndiyo, lakini hatukati tiketi.

Hata hivyo, siku ya tatu, baada ya alasiri, niliinua macho kutoka kwenye birika nikaona benchi limejaa. Kulikuwa na daktari wa meno kutoka Durban aliyejichora usoni, mama na binti yake, na vijana wawili wenye miwani ya welda. Hawakuwa wakijuana. Mtu akapita na baiskeli yenye umbo la samaki, wakamkaribisha, akakataa kwa adabu, akapita. Na alipokwisha kupita, wakamsema. Nilitamani baba angekuwepo, kisha nikakumbuka kofia ya yule mzee, nikaona afadhali hayupo.

Tangu saa ile sikupata raha. Kila aliyekaa aliniuliza, "Na lini mnaichoma?" kama anavyouliza mtu harusi ni lini. Nilijibu Jumapili alfajiri, na kila nilipojibu nilipitisha kiganja kwenye ubao.

Mama wa Randburg aliona. Jumamosi jioni alikaa karibu yangu akasema, "Fundi, si lazima. Niambie tu."

Ningemwambia nini? Kwamba mtu aliyeacha kaburi la baba yake anashindwa kuacha rafu ya duka la vitambaa? "Tutachoma," nikasema. "Ndiyo kazi tuliyopatana."

Alfajiri ile kulikuwa na baridi ya kuuma. Watu kama mia mbili walijipanga duara, nyuma ya kamba. Nilikuwa nimekwisha kusali. Nilikwenda na mwenge, nikawasha nguzo ya nyuma, nikarudi hatua kumi kama nilivyoelekezwa.

Paini ni kuni nzuri. Moto ukapanda nguzo, ukaingia paani, na kwa kweli ulipendeza. Nilihisi wepesi niliouzoea, ule wa asubuhi ya kuondoka mahali, begi likiwa limefungwa. Nikasema moyoni, kumbe ni rahisi hivi. Kisha upepo ukageuka ukaniletea harufu. Ncha ya benchi ilikuwa imeshika moto, na mninga ukiungua hunukia Tabora nzima.

Sikumbuki kuamua. Nakumbuka nyundo ya mti, ambayo sijui kwa nini nilikuwa nayo kiunoni asubuhi ya kuchoma. Niligonga kigingi cha kwanza, cha pili, cha tatu, mtu wa usalama akinipigia kelele, nywele za mkono zikiungua. Ubao ukachomoka kwenye tundu zake kama ulivyochongwa kuchomoka. Niliuburuta mpaka kwenye kamba nikaufukia ncha kwa mchanga, nikapiga magoti juu yake nikikohoa.

Kisha mtu mmoja akaanza kupiga makofi, na wote wakafuata. Walipiga makofi mpaka paa lilipoanguka. Daktari wa meno alikuwa analia. Msichana wa maswali alikuja akanikumbatia, akasema hajawahi kuona onyesho la kweli kama lile, na akaniuliza ubao ulikuwa na maana gani.

"Ni mninga," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama aliyeelewa.

Siku mbili za kurudi, mama wa Randburg alikuwa akiendesha na kucheka peke yake. "Vigingi," alikuwa akisema. "Mtu anajenga kitu cha kuchoma kwa vigingi!" Ubao ulikuwa juu ya gari, umetoka nyuma mkono mmoja na nusu, nikiwa nimeufunga kitambaa chekundu. Askari wawili walitusimamisha njiani. Wote walitazama ubao kwanza, kibali baadaye.

Nyumbani mke wangu alitoka getini akauzunguka mara mbili.

"Siku kumi jangwani," akasema, "umerudi na ubao ulioondoka nao."

"Umepungua kidogo."

Akaishika ile ncha nyeusi, akajifuta kwenye shati langu. Chai ya siku hiyo ilikuwa na iliki.

Kinyozi naye hakuniacha. "Mimi kule kambi nilitoka na blanketi na ndoo. Weye umetoka na kuni zenye hazikuiva!"

Niliuweka juu ya matofali nje ya geti, nikaufunga kwa mnyororo, maana huu ni Johannesburg. Wiki ya kwanza aliukalia kinyozi peke yake, akiutukana. Ijumaa iliyofuata, watu walipotoka msikitini, wawili walisimama kunisalimia wakaketi, Msomali wa duka la simu na mzee wa Kirundi anayeuza viatu. Walikaa saa nzima. Waliponyanyuka, kanzu nyeupe ya Msomali ilikuwa na mstari mweusi nyuma, wa upana wa kiganja.

Mama wa Randburg alipiga simu mwaka uliofuata. Nilimwambia nitafikiri, na nilifikiri kweli, mpaka nikatoa begi juu ya kabati na kulirudisha. Nilimchongea baraza nyingine, ya paini tupu, kwa misumari, akaenda nayo bila mimi. Niliambiwa iliungua vizuri sana.

Mke wangu amenisihi mara nyingi niikate ile ncha, au niipige randa, sabuni ya mtaa mzima isiishe. Kila mara namwambia kesho. Watu wamekwisha kuzoea. Mgeni akija na kanzu nyeupe, kinyozi humdaka mkono kabla hajakalia ile ncha nyeusi: "Hapana, mukubwa, huku ni jangwani. Sogea Tabora."