Transfoma Tuliyokuwa Tukiipumzisha

Wakati wa vita vya pili vya nchi yetu nilitunza transfoma moja ya Nguba, mtaa wa mji wetu kando ya ziwa, iliyopeleka umeme kwenye hospitali ndogo yenye chumba cha upasuaji. Transfoma ni pipa la chuma. Ndani yake kuna nyaya zilizofungwa karatasi na kuzamishwa katika mafuta. Maji yakiingia katika mafuta hayo, umeme hupata njia ya kuruka na pipa linaweza kupasuka. Nyingine ya kuweka mahali pake haikuwepo. Barabara zilikuwa na wenyewe, watu wa bunduki.

Kipimo chetu kilikuwa kisahani cha chuma juu ya mbabula, jiko letu la makaa. Tulidondosha tone la mafuta, tukasikiliza. Likinyamaza, ni makavu. La kwetu lilitatarika kama kitunguu kikitiwa kikaangoni.

Basi tukayachuja. Mashine iliyasukuma kupitia karatasi nene ambazo lazima zikaushwe kwanza, nasi tulizikausha katika tanuri la mwoka mikate wa Nyawera, mikate ya asubuhi ikishatoka. Zilirudi zikinukia chachu. Tone likanyamaza, tukaenda nyumbani. Baada ya majuma machache likatatarika tena. Tukachuja tena. Mwoka mikate akaanza kutuita wateja.

Muzee niliyefanya naye kazi alisema kosa liko kwenye kopo la kupumulia. Transfoma hupumua: mafuta yakipata moto hutanuka na kusukuma hewa nje, yakipoa huivuta ndani, kupitia kopo lenye punje za kunyonya unyevu. Punje zetu zilikuwa zimechoka na mpya hazikufika, hivyo akajaza mchele, kama wake zetu wanavyofanya kwenye chumvi. Kabla ya Jumapili mtu aliuiba.

"Ule mchele ulishakunywa harufu ya mafuta," nikasema.

"Njo vizuri," muzee akajibu. "Mwizi hatatafuta mafuta ya kupikia."

Nilikuwa na kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, nilichokisoma polepole kwa kamusi. Kilisema maji mengi hayakai katika mafuta. Hukaa katika karatasi iliyofunga nyaya, nayo huyaachia ikipata joto. Nikafikiria desturi yetu. Kila jioni, wagonjwa wakishakula, tuliizima ipumzike. Hakuna aliyetuagiza. Ilikuwa ya pekee, tukaihurumia. Ikapoa, ikavuta hewa ya ziwa yenye unyevu. Na kabla ya kuchuja tuliizima tangu jana yake, kama mgonjwa anayelazwa kusubiri kupasuliwa. Tulichuja mafuta baridi, maji yakabaki kwenye karatasi.

"Tuiache itumike usiku," nikamwambia muzee.

"Weye haulalake usiku?"

"Ninalala. Lakini hii ikilala inakunywa."

Akafikiri. "Shemeji yangu anakunywa kwanza, njo analala."

Transfoma isiyo na kazi haipati joto la kutosha, kwa hiyo nilikwenda kwa maman mkuu wa wauguzi kumwomba atumie umeme usiku. Vyombo vya upasuaji alikuwa akivichemsha usiku kwa makaa, kwa sababu sisi tulimzimia.

"Papa, umekuja kuniomba nitumie courant?"

"Ndiyo, maman."

"Uko na homa?"

"Transfo ikipasuka, hakuna operesheni tena."

Akaacha kucheka. "Mulikuwa munaizima juu ya nini?"

"Ipumzike."

"Na miye, nani alishanipumzisha?"

Tangu usiku ule akachemsha vyombo kwa umeme. Hatari ilikuwa kwamba joto lingeyatoa maji kwenye karatasi na kuyamwaga katika mafuta kabla hatujayawahi. Kwa hiyo kila asubuhi tuliikata ikiwa bado moto, tukachuja papo hapo na kuiwasha tena. Siku za kwanza tone lilitatarika vibaya kuliko zamani, na muzee hakukaa karibu na pipa bila sababu. Kisha likaanza kunong'ona. Nyakati hizo nilikuwa nimejifunza kukausha punje zile za kopo kwenye kikaango, mpaka rangi yao ya bluu irudi. Muzee alizifungia kwa kufuli.

Mvua zikaja, zikanyesha kama zinavyonyesha kwetu. Tulingoja mpaka katikati ya majira, tukawasha mbabula. Ng'ambo ya ukuta daktari alikuwa kazini, taa ya chumba cha upasuaji inawaka. Nikadondosha tone. Muzee akainama, sikio karibu na kisahani, akangoja mpaka likaanza kutoa moshi.

"Haisemi kitu," akasema, kama mtu aliyesalimia na hakuitikiwa.