Kaburi Lililomsubiri Biziwiki

Shemeji yangu Biziwiki Namalomba, mume wa dada yangu Nalisiye, alikuwa kiongozi wa wachimba kaburi wa kijiji cha Nasiyaya, upande wa Chiradzulu, na kazi hiyo aliipenda kuliko inavyofaa mtu kuipenda. Siku za kawaida alikata bati na kutengeneza ndoo na mikebe ya kumwagilia bustani, na ungeweza kupita mbele ya kibanda chake bila kumwona. Lakini akitokea mtu amekufa, Biziwiki aliongezeka urefu. Alivaa koti lake la kijani lisilo na kifungo hata kimoja, akachukua jembe la mpini mfupi ambalo halijawahi kugusa shamba la mahindi, akaenda kumpima marehemu kwa tete apate urefu wa kaburi.

Kwetu siku ya msiba wachimba kaburi ndio serikali. Humtoza faini jumbe akichelewa. Humvua kofia mchungaji. Mfiwa hana la kusema, maana shimo ni lao. Kuku wanaopewa na mfiwa hupikwa na kuliwa palepale makaburini, na firigisi ni ya kiongozi, hakuna mwingine wa kuigusa. Biziwiki aliila amesimama, polepole, wengine wakimtazama mpaka ameze.

Alikuwa mkali wa sheria. Kaburi likishachimbwa haliachwi peke yake, lazima wawepo watu wa kulilinda mpaka mwenyewe aje, na walinzi lazima wale. Tena kaburi likishafunguliwa halifukiwi tupu. Mwaka mmoja marehemu wa kijiji cha jirani alichukuliwa na ndugu zake wa Mulanje wakati shimo lake liko tayari, na Biziwiki akawalazimisha wenyeji wazike mgomba. Ulivishwa sanda, ukaombewa, ukaliliwa. Mwanamke mmoja alizimia.

Ugonjwa wake ulianza na kipande cha bati kilichomkata mguuni. Akaweka ugoro, akaendelea na kazi. Mguu ukavimba, akatetemeka kwa homa, akawa anahema kama aliyekimbia mlima. Bado alisema si kitu. Tulijua ni kitu alipoanza kuwatoza faini mbuzi. Dada alikuwa anamuuguza mama yetu, basi nikaenda mimi, tukapanda lori la kabichi mpaka hospitali kubwa ya Blantyre.

Walimwingiza chumba cha wagonjwa mahututi. Akaja nesi mmoja wa utafiti anayeitwa Tadala, akanikalisha kwenye benchi.

"Kaka, vijidudu vya kidonda vimeingia kwenye damu," akasema. "Presha imeshuka sana na mapafu yanachoka. Anaweza kufa."

Nilishtuka, si kwa habari yenyewe, bali kwa namna alivyoitamka, wazi, mchana, kwa ndugu wa mgonjwa.

"Dawa anapata," akaendelea. "Lakini kuna jambo nakuomba. Tunafanya utafiti. Wagonjwa kama huyu wengine tunawapa maji mengi ya dripu kwa haraka. Wengine tunawapa machache, na dawa ya kupandisha presha tunaianza mapema. Nani apate nini, kompyuta inachagua kwa bahati nasibu."

"Daktari mwenyewe hachagui?"

"Hachagui."

"Kwa nini? Si amesoma?"

"Amesoma ndiyo. Lakini hatujui ipi ni bora. Kila daktari ana anayoiamini, na kila mmoja akifuata imani yake, watu watakufa na hatutajua ni kwa nini."

"Hamjui?"

"Hatujui."

Alisema hivyo bila aibu, kama mtu aliyeombwa kiberiti akajibu hana. Akaniambia nikikataa atatibiwa vilevile, na akizinduka ataulizwa mwenyewe. Nikakubali. Mtu anayeniambia hajui, nilimwamini kuliko wote niliowaona siku ile. Wakamlaza usingizi kwa dawa, wakamtia mpira mdomoni, mashine ikaanza kumpumulia. Kifua chake kikapanda na kushuka kwa utaratibu mzuri, kinyume kabisa cha tabia yake.

Sasa, kwetu mtu hafi kwenye simu. Akifa utaambiwa amezidiwa kidogo, njooni, mbebe na blanketi. Mwenye kupokea naye huitikia sawa, tunakuja, kana kwamba hajaelewa, na kilio hutolewa baada ya simu kukatwa. Sote tumelelewa hivyo. Jambo hilo halikunijia nilipompigia Keliasi, msaidizi wa Biziwiki katika uchimbaji, kwa kuwa dada hana simu.

"Bwana mkubwa anaendeleaje?" Keliasi akauliza.

"Amezidiwa."

"Kidogo?"

"Sana. Lakini yupo."

"Yupo wapi?"

"Kitandani. Anapumuliwa na mashine."

"Yeye mwenyewe hapumui?"

"Mashine ndiyo inayopumua."

"Na ikizimwa?"

Nikaona nijibu kama nesi. "Ikizimwa sasa hivi, hatapumua."

"Tumeelewa, ndugu yangu. Jikaze."

"Hamjaelewa. Hajafa."

"Nani amesema amekufa?" Keliasi akajibu kwa upole sana. "Sisi huku tunaanza tu matayarisho madogo madogo."

Nilipiga tena asubuhi yake. Nyuma ya sauti ya Keliasi nikasikia watu wengi.

"Nani analia hapo?"

"Hakuna anayelia. Ni mbuzi."

"Keliasi, nakuapia, mtu yu hai."

"Ndiyo, ndiyo. Usijichoshe kuapa."

Kila nilivyoapa ndivyo nilivyozidi kumzika. Ningesema uongo kwamba ametembea na kucheza bao, labda wangesita. Dada akapewa simu.

"Kaka, mimi ni mdogo wako, usinifiche. Yuko mochwari?"

"Yuko wodini, Nalisiye."

"Wodi hiyo ina baridi?"

"Baridi ipo. Kuna mashine ya kupoza hewa."

Akaangua kilio, simu ikakatika.

Wakachimba. Kaburi likahitaji walinzi, walinzi wakahitaji kuku, na kuku walitoka kwa dada yangu, ambaye alikuwa ameshanyolewa nywele za ujane. Wakakaa hapo wakisubiri mwili, wakila. Maiti hakuja, kuku wakaendelea kwenda. Dada alipouliza kama walinzi wangeweza kulinda kwa maharage, Keliasi alimwambia sheria si yake, ni ya marehemu.

Mjini, marehemu alikuwa anapata nafuu. Presha ilipanda, mashine ikapunguzwa kidogo kidogo, mpaka wakamtoa mpira. Neno lake la kwanza lilikuwa nsima, ugali wetu. La pili lilikuwa usipa, dagaa wa ziwani. Nikampigia Keliasi kwa furaha.

"Ameamka. Anaomba nsima na usipa."

"Ndugu yangu," akasema Keliasi, "umekula tangu jana? Tafuta kivuli, kaa chini. Huzuni humfanya mtu asikie mambo."

Basi nikampa simu Biziwiki mwenyewe. Koo lake lilikuwa limechubuliwa na mpira, sauti ikatoka kama mtu anayeongea kutoka chini ya mawe.

"Keliasi," akasema. "Jembe langu liko wapi?"

Kukawa na mlio, kisha kimya. Tulikuja kujua baadaye kwamba Keliasi alikuwa zamu ya ulinzi, na simu ilimponyoka ikaingia kaburini. Hakuna aliyethubutu kuifuata, maana kaburi lililokwisha kuchimbwa haliingiwi na mtu ila kiongozi, na kiongozi ndiye aliyekuwa amepiga.

Tadala alimweleza Biziwiki habari za utafiti na kumuuliza kama anakubali kubaki ndani yake.

"Kompyuta ilinichagulia nini?"

"Maji machache."

"Basi machache ndiyo bora."

"Mtu mmoja hajibu swali, baba. Tunahitaji wengi sana, walio hai na waliokufa."

Biziwiki akafikiri. Nadhani alipenda kuhesabiwa mahali ambapo wafu nao wana kazi. Akakubali.

Tulirudi kwa gari la utafiti. Tadala alikuja nasi, kwa kuwa ilikuwa desturi yao kumfikisha mgonjwa nyumbani na kumuuliza maswali akiwa kwake. Nyumbani hapakuwa na mtu. Tukasikia nyimbo makaburini, tukaenda, Biziwiki akijiegemeza kwa fimbo upande mmoja na kwangu upande wa pili. Walipotuona wanawake walikimbia, isipokuwa dada yangu. Alimtazama mumewe, akaenda akamshika sikio, akalivuta, kisha akakaa chini na kulia kwa sauti ya kweli.

Biziwiki hakumtazama sana. Alimtazama Keliasi, ambaye alikuwa amevaa koti la kijani na ameshika jembe la mpini mfupi.

"Hilo ni jembe langu."

"Lilikuwa," Keliasi akasema.

Biziwiki akasogea akachungulia shimo. "Kona hii imepinda. Nani alipima?"

"Tulikupima kwa kumbukumbu."

"Mnanikumbuka mfupi."

Jumbe wetu, Mama Nasiyaya, mwanamke mnene asiyependa kusimama, alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Pole na safari, Biziwiki," akasema. "Sasa shimo hili tulifanyeje? Kulifukia tupu ulikataza mwenyewe."

"Mgomba," Biziwiki akajibu papo hapo. Angeona aibu kujibu lingine.

"Umeshakatwa, maana mwili ulichelewa," Keliasi akasema, na kweli ulikuwa hapo kando, umevishwa sanda mpaka shingoni. "Lakini tuelewane. Mgomba huu ukizikwa, aliyezikwa ni mwenye kaburi. Ulisema hivyo wewe kwa wale majirani. Na kiongozi aliyezikwa hashiki jembe."

Biziwiki akaugusa mgomba kwa fimbo. "Ni kweli," akasema. "Nilisema."

Nikamwona anapungua urefu. Bati angeweza kulikata hata kama kijiji kizima kinamwita marehemu. Lakini kule hospitali, alipokuwa hawezi kuinua kijiko, aliniambia anainua mkono kila asubuhi apate nguvu ya jembe. Jembe ndilo alilolirudia.

Tadala hakuelewa vizuri, akaona aanze tu kazi yake. "Baba, unatembea?"

"Unaniona."

"Unavaa nguo mwenyewe?"

"Koti langu kalivaa yule."

"Unakula mwenyewe, bila kulishwa?"

"Tangu nifike sijapewa kitu."

"Umerudi kwenye kazi yako?"

"Hapana."

"Ni ugonjwa unaokuzuia?"

"Siyo ugonjwa. Nimefariki."

Tadala akamgeukia jumbe. "Mama, nisaidie. Huyu mtu wenu yu hai au amekufa? Lazima nichukue jibu moja."

"Huna la katikati?" jumbe akauliza.

"Sina. Utafiti mzima unategemea swali hilo. Wagonjwa tukiwaandika wamekufa na kumbe wako hai, tutadhani tiba waliyopata inaua. Tutaiacha. Na mwingine wa hapa akiletwa na kidonda kama chake, hataipata."

Kila mtu akaangalia miguu yake. Hakuna mchimba kaburi asiye na kidonda. Keliasi akaficha kidole chake kimoja chini ya kingine.

"Keliasi," jumbe akasema, "mjibu nesi."

"Mimi nasema kwa upande wa sheria..."

"Nesi hakuuliza sheria. Kauliza kama mtu anakula." Akajigeuza juu ya ndoo. "Mpeni kitu, ale, tuone sote."

Makaburini hapakuwa na chakula ila cha walinzi. Siku hiyo walikuwa wamechinja jogoo, kuku wa mwisho wa dada yangu, wakammaliza mpaka miguu. Kwenye sahani ilikuwa imebaki firigisi peke yake, imefunikwa na jani, inamngoja Keliasi.

Dada akasimama, akaichukua.

"Dada, hiyo ni ya kiongozi," Keliasi akasema.

"Nipishe. Wewe umekula kuku kumi na huyu hajafa hata mara moja."

Akampelekea mumewe. Biziwiki aliitazama ile sahani muda mrefu. Kisha akaniachia bega, akasimama kwa fimbo peke yake, akaiweka firigisi mdomoni. Koo lilikuwa bado linamuuma, akatafuna na kutafuna. Hata wanawake waliokimbia walikuwa wamerudi nusu ya njia. Akameza, akafumba macho kwa maumivu, akayafumbua.

"Anakula mwenyewe," Tadala akasema, akiendelea na maswali yake.

Mama Nasiyaya akawatazama wachimbaji mmoja mmoja. "Aliyekula firigisi hapa makaburini ni nani?"

Hata watoto wanajua firigisi ni ya nani. Keliasi akavua koti kwanza, akalikung'uta. Jembe alichelewa kidogo kulitoa, kisha akalitoa kwa mikono miwili.

"Mgomba usubiri," Biziwiki akasema. "Sizikwi kwenye kona iliyopinda."

Tukamshusha taratibu, Tadala akishika kichwa chake mwenyewe na kusema polepole, baba, polepole. Alipiga jembe mara moja, akapumzika, akapiga tena. Alizama shimoni mpaka utosini, na tukasikia anaitukana ile kona kwa jina la aliyeichimba.

"Swali moja halikukamilika," Tadala akamwambia jumbe. "Amerudi kazini?"

Jumbe akamwonyesha kwa kidevu. Mkono ulikuwa umetokea kutoka kaburini, umejaa udongo, umeshika simu ya Keliasi.

"Faini," Biziwiki akasema.