Bakteria wa Ethan Walitoka kwa Nani

Mjukuu wangu alifundishwa kunikimbia.

Si utani. Mchana mmoja sebuleni nilimnyooshea mikono, akarudi nyuma ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili, kama mtu aliyeona moshi.

Ilikuwa mwaka 2004. Nilikuwa nimetoka Kericho kuja kuishi Germantown, Maryland, kwa binti yangu Chelagat na mumewe. Asubuhi wote wawili wanaingia kwenye magari, wanakwenda kazini. Mtaa mzima unahama. Nabaki mimi, televisheni, na Ethan wa miaka miwili.

Kwetu Wakipsigis, mzee humbariki mtoto kwa kumtemea mate kifuani. Si mate ya dharau. Ni manyunyu tu, na maneno mazuri juu yake. Nilimfanyia Ethan kila asubuhi.

"Again," alikuwa akisema huku akivuta fulana juu, akitaka nirudie.

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu ya siku nzima.

Halafu daktari wa meno akakuta jino la Ethan limeanza kuoza. Akamweleza Chelagat kwamba meno huozeshwa na bakteria, na mtoto huwapata kwenye mate ya watu wazima.

Chelagat alirudi amevimba kwa hasira.

"Baba, mambo ya kumtemea mtoto mate yaishe."

"Namtemea kifuani, mama. Meno siku hizi yanaota kifuani?"

"Sitanii, Baba. Hapa si Kericho."

Tangu siku hiyo akamfundisha Ethan kurudi nyuma na kuziba mdomo nikimkaribia.

Lakini mimi ni mtu wa ngumbaru. Nilijifunza kusoma nikiwa na ndevu, darasa la jioni, mikono bado inanuka majani ya chai. Siwezi kushindwa na kidudu nisichokijua. Nikaenda maktaba, nikafunguliwa kompyuta. Nikasoma kwamba wanasayansi wanatafuta chanjo ya bakteria hao, mtoto apewe kabla hawajapiga kambi mdomoni.

Nikasema, haya, mkombozi wangu ndiye huyu. Ethan akichanjwa, narudi kazini.

Nikapigia simu chuo kikuu kimoja. Akapokea dada mmoja mtafiti, Abigail.

"Chanjo bado, mzee. Itachukua miaka mingi."

"Mimi miaka mingi sina."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akaniambia wanatafuta familia za kupimwa mate, wajue watoto hupata bakteria kwa nani na wakiwa na umri gani, ili chanjo ikija itolewe wakati wake. Chelagat alikubali upesi. Nadhani alitaka sayansi initie hatiani.

Abigail akaja, akatupitishia pamba midomoni. Tukangoja majibu. Katika kungoja huko nilimsalimia mjukuu wangu kwa mbali, kama jirani.

Siku ya majibu Abigail alikaa nasi jikoni.

"Bakteria wa Ethan si wa babu," alisema. "Wanafanana na wa mama."

Chelagat alikitazama kijiko cha Ethan. Yeye ndiye humlisha Ethan uji, na huuonja kwanza kwa kijiko kilekile, mtoto asiungue.

"Ni mimi?"

"Mara nyingi huwa mama. Si kosa, ni kulea tu."

Nilikuwa na maneno makali tayari. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi bafuni. Nikashangaa mdomo wangu unauliza kingine.

"Na Chelagat aliwapata kwa nani?"

"Huenda kwa mama yake."

Mama yake ni Taplelei, mke wangu. Tulimzika Kericho, na tangu hapo jina lake halikutajwa tena kati yangu na binti yangu. Kila mmoja aliogopa kumliza mwenzake.

"Alikuwa anauonja uji wangu," Chelagat akasema polepole. "Halafu anasema bado wa moto, anaonja tena."

"Alikuwa anaupenda tu ule uji," nikamwambia.

Tukacheka mpaka tukalia. Kisha akamleta Ethan mwenyewe, akamvua fulana, akasema, "Mbariki, Baba."

Nikajaribu. Mdomo ulikuwa umekauka kabisa.

Kesho yake waliondoka kwenda kazini kama kawaida. Ethan akapiga miayo, nikaona yale meno madogo. Kwa mara ya kwanza Marekani, sikuona kwamba tumebaki wawili tu; Taplelei naye alikuwemo.

Ndugu zangu, chanjo hiyo ikitoka, pelekeni watoto. Mimi nitawashikia foleni. Ila kabla hujamtenga mzee kwa sababu ya mate yake, pima kwanza ya kwako.