Maneno Aliyopewa Mbuzi

Mwaka wa sabini na kitu nilikuwa mwalimu wa Kiingereza karibu na Kibwezi, na Kiingereza chenyewe kilikuwa kimenipanda kichwani. Jumatano moja neno la kufundisha lilikuwa oblique. Nikawaeleza wanafunzi: ni maneno ya kuzungukazunguka, yasiyomwendea mtu moja kwa moja. Msichana mmoja akatoa mfano, "Akufukuzaye hakwambii toka," nikampongeza. Lakini mimi nilikuwa na mfano mtamu zaidi, mama mkwe wangu.

Alikuwa ametoka Kwa Vonza kumtazama bintiye, mke wangu. Kwetu Ukambani mama mkwe na mkwewe hawatazamani usoni, ndiyo heshima. Kwa hivyo alilala kwa jirani, na asubuhi nikinywa chai mlangoni alisimama nyuma ya jiko akaongea na mbuzi. "Wewe mbuzi, huyu anayekulisha anakohoa akijificha. Anakonda, nguo zinamvuka. Mwenye boma amesoma, kwani haoni?" Siku tatu mfululizo, mbuzi yule yule.

Mbele ya darasa nikainama, nikaigiza sauti yake, nikaongea na dawati kana kwamba ni mbuzi. Watoto walicheka mpaka machozi. Nami nikacheka, mjinga mimi! Maana ya neno niliijua, matumizi yake niliyaandika ubaoni, na yale maneno ya nyuma ya jiko yalikuwa yangu, sikuyapokea. Aibu hiyo inanichoma mpaka leo.

Jioni nilimuuliza mke wangu habari ya kikohozi, juu juu tu. Akasema ni vumbi la kupepeta ndengu. Nikaridhika, kwa sababu kuridhika kulikuwa rahisi. Mama akarudi kwao. Nilimpeleka mke wangu hospitali miezi minne baadaye, alipoanza kutema damu, na daktari akaniuliza kwa ukali nilikuwa wapi siku zote hizo. Dawa ya kifua ipo, alisema, ila mmechelewa.

Siku ya mazishi, watu walipoanza kutawanyika, mama mkwe alinijia. Wanawake walijaribu kumshika mkono, akawapita. Akasimama mbele yangu, akanitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu nioe.

"Nilikuambia," akasema.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Uliniambia."